Umri wa mchai na kemikali za majani yake

Umri wa mchai (Camellia sinensis) huhesabiwa kwa njia tatu: umri wa jani lenyewe, muda uliopita tangu mmea upogolewe, na umri wa shina zima. Wauzaji wa chai ya bei ghali hupenda kutaja huo wa mwisho. Hata hivyo, unaoamua zaidi kilichomo kikombeni ni umri wa jani.

Tumba na jani la kwanza ndizo sehemu zenye kafeini nyingi, takriban asilimia 4 hadi 5 ya uzito mkavu. Kiwango hicho hushuka jani baada ya jani kuelekea chini ya tawi. Kafeini ni kinga: inawadhuru wadudu, nao wadudu hupenda kutafuna palipo laini. Katekini, zinazoipa chai ukakasi wake, hazifuati njia moja. Zile zilizoungana na asidi ya galiki, ikiwemo EGCG, huwa nyingi katika machipukizi na hupungua jani linapokomaa, ilhali baadhi ya katekini sahili huongezeka. Theanini, asidi amino iliyotambuliwa nchini Japani mwaka 1949, hutengenezwa hasa mizizini kisha hupanda hadi kwenye machipukizi, ambako huipa chai utamu usio wa sukari. Mwanga wa jua huivunja, na sehemu zake hutumika kujenga katekini. Ndiyo maana Wajapani hufunika michai ya gyokuro kwa wiki tatu hivi kabla ya kuchuma.

Jani kuukuu hupoteza hayo na kulimbikiza mengine. Lignini na nyuzinyuzi huongezeka, jani likawa gumu. Mchai pia hufyonza alumini na floridi kutoka udongo wenye asidi na kuzihifadhi katika majani ya zamani. Vipimo vimewahi kuonyesha alumini ya takriban miligramu 600 kwa kilo katika majani machanga, na hadi 30,000 katika yaliyozeeka. Madhara ya floridi yameonekana wazi Tibet na Mongolia, ambako watu hunywa kwa wingi chai ya matofali inayotengenezwa kwa majani makuukuu na vijiti: meno huingia madoa, na mifupa na viungo huumia. Mwaka 2005 China iliweka kikomo cha miligramu 300 za floridi kwa kilo ya chai hiyo.

Kiwandani, katekini za jani changa hugeuka theaflavini, zinazoipa chai nyeusi rangi ang'avu na ukali wa kupendeza. Majani magumu hutoa theaflavini chache na harufu ya majanimajani. Kwa hiyo karani wa kituo cha kununulia chai anapokataa kapu lenye majani makubwa, ana sababu ya kikemia, ingawa hasara humwangukia mkulima aliyechelewa kuchuma.

Kupogoa, ambako kwa kawaida hufanywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, huulazimisha mmea kuchipua upya. Shina lililopandwa Kericho au Mufindi miongo mingi iliyopita linaweza kutoa jani lenye umri wa siku chache tu.

Kuhusu umri wa shina zima, ubishi ni mkubwa zaidi mkoani Yunnan, China, ambako misitu ya michai ya kale ya mlima Jingmai iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Chai ya miti hiyo husifiwa kuliko ya mashamba mapya, lakini kuilinganisha kwa haki ni vigumu. Miti ya kale ilitokana na mbegu, hivyo kila mmoja una nasaba yake, na huishi kivulini miongoni mwa miti mingine. Mashamba mengi mapya hupandwa kwa vikonyo vya aina moja, juani, tena kwa mbolea. Tofauti ya ladha ipo. Kuihesabia umri peke yake si sahihi.

Kwa kuwa kafeini hupungua kadiri jani linavyokomaa, anayetaka chai yenye kafeini kidogo anaweza kuchagua bancha ya Japani, inayotengenezwa kwa majani yaliyokomaa.