Kutoka Kakamega Hadi Kilima cha Gianicolo

Nchi ya Vatikano ina hekta 44 tu. Msitu wa Kakamega, hata baada ya miaka mingi ya kuliwa na shoka na jembe, ungeimeza nchi hiyo mara mia tano. Tena ni nchi changa. Ilitokana na Mkataba wa Laterani, uliotiwa saini tarehe 11 Februari 1929, wakati ambapo mji wa Kakamega ulikuwa umeshakuwa makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo kwa miaka tisa hivi, tangu wakoloni walipohamisha ofisi zao kutoka Mumias.

Katika wilaya hiyo, huko Chebukwa upande wa Wabukusu, Januari 1923 alizaliwa mtoto aliyeitwa Otunga. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mwenye wake wengi na sauti nzito. Kijana alisoma shule za misheni, Yala ikiwa mojawapo, na mwaka 1935 akabatizwa Maurice Michael. Kwa mtoto wa chifu njia ilikuwa wazi: kurithi kiti cha baba, ng'ombe na heshima. Yeye alikikataa kiti akachagua upadre, yaani maisha bila mke wala mtoto. Msomaji anayeifahamu Magharibi ya Kenya atajua uamuzi huo ulivyopokelewa nyumbani.

Akaingia Seminari ya Mtakatifu Petro, Kakamega. Mji wenyewe ulikuwa umechangamka miaka hiyo. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Wazungu walimiminika kuchimbua mashamba ya watu. Wakati wengine wakisaka dhahabu, vijana wa seminari walikuwa wakikariri minyambuliko ya vitenzi vya Kilatini chini ya mapadre wamisionari wa shirika la Mill Hill. Mazoezi hayo yangeonekana ya bure kwa kijana wa Kibukusu, lakini ndiyo yaliyoamua mengi yaliyofuata. Kutoka Kakamega alipelekwa seminari kuu ya Gaba, Uganda, kando ya Ziwa Nyanza, na vita vilipokwisha, mwishoni mwa miaka ya 1940, akachaguliwa kwenda Roma.

Tukumbuke hali ya elimu wakati huo. Kenya nzima haikuwa na chuo kikuu. Chuo cha ufundi cha Nairobi, kilichokuja kuwa chimbuko la Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Makerere ndiyo kwanza ilikuwa ikijiandaa kutoa shahada chini ya London. Mwafrika aliyetaka elimu ya juu alihitaji baraka za serikali au mfuko wa ukoo mzima. Kanisa lilikuwa na njia yake. Tangu waraka wa Papa Benedikto XV wa mwaka 1919, Maximum Illud, Roma ilikuwa ikiwahimiza wamisionari walee mapadre wenyeji watakaoshika hatamu, si wasaidizi wa kudumu. Wamisionari wengi hawakuwa na haraka. Lakini Masaka, Uganda, ilikuwa imeshampata Joseph Kiwanuka, msomi wa Roma aliyewekwa wakfu kuwa askofu na Papa Pius XII mwenyewe mwaka 1939, na dunia haikuanguka.

Chuo alichopelekwa Otunga kilianzishwa mwaka 1627 na Papa Urbano VIII, kwa ajili ya vijana kutoka nchi za misheni. John Henry Newman, Mwingereza aliyekuja kuwa kardinali, alisoma humo miaka ya 1840. Mwaka 1926 kilihamia kilima cha Gianicolo, kinachotazama kuba la Mtakatifu Petro. Wanaopenda mipaka watasema hapo si ndani ya kuta za Vatikano, na ni kweli. Eneo la chuo hicho ni mali ya Kiti Kitakatifu iliyo katika ardhi ya Italia, nayo ina kinga maalumu chini ya Mkataba ule ule wa Laterani. Chuo kilicho ndani ya kuta zenyewe ni kimoja tu, nacho ni cha Waethiopia.

Wanafunzi wa Gianicolo walivaa kanzu nyeusi yenye mkanda mwekundu. Mhindi, Mchina na Mwafrika walikaa dawati moja, na kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, masomo yalifundishwa kwa Kilatini na mitihani ya mdomo ikajibiwa kwa Kilatini. Sijui chuo kingine cha Ulaya wakati huo ambako kijana kutoka koloni alianza sawa na Mwitaliano kwa lugha isiyokuwa ya nyumbani kwa yeyote. Katika miaka hiyo hiyo alikuwapo padre mmoja kutoka Bukoba akisomea sheria za Kanisa, Laurean Rugambwa.

Otunga alipewa upadre Roma tarehe 3 Oktoba 1950, katika Mwaka Mtakatifu, mji ukiwa umefurika mahujaji. Kisha akarudi, na hapa ndipo historia hii inaponivutia zaidi: alirudishwa Kakamega, seminari ile ile, kufundisha teolojia. Baadaye alihudumu Mombasa, katika ofisi ya mjumbe wa Papa na parokia ya Makupa. Mwishoni mwa 1956, akiwa na miaka 33, aliteuliwa askofu msaidizi wa Kisumu. Mwaka 1960 akapewa jimbo jipya la Kisii.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofunguliwa Oktoba 1962, maaskofu zaidi ya elfu mbili waliketi katika Basilika la Mtakatifu Petro, na hotuba zikatolewa kwa Kilatini. Baadhi ya maaskofu wa nchi tajiri walihangaika kuzifuata. Otunga alikuwa ameshajibu mitihani yake kwa lugha hiyo.

Mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Rugambwa alikuwa ameshamtangulia mwaka 1960, wa kwanza Afrika nzima katika zama zetu. Februari 1978 Kakamega ikafanywa jimbo kamili, na Philip Sulumeti akawa askofu wake wa kwanza. Agosti mwaka huo, na tena Oktoba, wanafunzi wale wawili wa Gianicolo walifungiwa pamoja na makardinali wenzao ndani ya Vatikano, kila mmoja na kura yake, kumchagua mkuu wa nchi hiyo ya hekta 44.