Hisa ya s: Jina kwa Ajili ya Obitali Mahuluti

Atomi ya kaboni ina obitali nne, yaani maeneo ambamo elektroni hupatikana, katika tabaka lake la nje: moja ya s, yenye umbo la tufe, na tatu za p, kila moja ikiwa na matumbo mawili yaliyopeana mgongo. Elektroni ya s hufika hadi kwenye kiini chenyewe. Ya p haipatikani hapo kabisa. Kwa maumbo hayo ni vigumu kueleza kwa nini methani ina vifungo vinne vilivyo sawa, vilivyoachana kwa nyuzi 109.5. Mwaka 1931 Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani, alipendekeza obitali hizo zijumlishwe kihisabati. Zikiingia nne, zinatoka nne, mpya na zinazofanana.

Obitali hizo mpya tuziiteje? Wapo watakaokimbilia "mseto", lakini kwenye sufuria ya mseto choroko bado ni choroko na mchele ni mchele. Hapa hakuna tena s wala p ya kuokota pembeni. "Chotara" nalo huleta picha ya wazazi wawili na mtoto mmoja, hesabu ambayo obitali haziikubali. Mimi nachagua "mahuluti", neno lililokwisha kuzoea kazi ya kutaja vitu vilivyochanganyika hadi kuwa kitu kingine. Ila naogopa kulitia kiambishi cha kusababisha na kusema "uhulutishaji", kana kwamba kaboni hukaa ikakoroga obitali zake kabla ya kufunga. Hakuna tukio kama hilo. Ukizing'oa elektroni za nje za methani kwa mionzi, hutoka kwa viwango viwili vya nishati, takriban elektronivolti 14 na 23, wala si kimoja. Umahuluti ni namna yetu ya kuzieleza elektroni zilezile upya, na ni namna inayofaa sana.

Neno lililonisumbua zaidi ni lile linalotaja kiasi cha s kilichomo ndani ya kila mahuluti. Tafsiri ya haraka ni "tabia ya s". Naikataa. Tabia haigawanyiki kwa mafungu, wala mmoja akiwa nayo zaidi mwenzake hapungukiwi. Kinachotajwa hapa ni hisa. S ni moja tu, kwa hiyo hisa zake zote zikijumlishwa hazizidi asilimia 100. Katika sp3 (s moja na p tatu) kila mahuluti hupata asilimia 25, katika sp2 (s moja na p mbili) asilimia 33 na kidogo, na katika sp (s moja na p moja) asilimia 50.

Faida ya hisa kubwa ni ukaribu na kiini. Elektroni za kifungo huvutwa zaidi upande wa kaboni, kifungo kinafupika, na haidrojeni inaachiliwa kwa urahisi zaidi. Ethani ina sp3, na kifungo chake cha kaboni na haidrojeni kina urefu wa pikomita 109 hivi. Cha asetilini, yenye sp, ni 106. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini tazama uasidi, unaopimwa kwa pKa (ikiwa ndogo, haidrojeni huachiliwa kwa urahisi zaidi): ya ethani ni karibu 50, ya ethilini karibu 44, ya asetilini karibu 25. Ndiyo maana asetilini, gesi inayotoka kwenye kabaidi iliyomwagiwa maji, ikipitishwa katika nitrati ya fedha yenye amonia, hutoa mashapo meupe, na ethilini haitoi. Mashapo hayo yakikauka hulipuka. Shaba nayo hufanya kiwanja cha hatari cha aina hiyohiyo, na kwa sababu hiyo asetilini ya kuchomelea vyuma haipitishwi katika mabomba ya shaba tupu.

Hisa si lazima zigawanywe sawa. Pembe ya maji ni nyuzi 104.5, na ukipiga hesabu kutokana na pembe hiyo, kila kifungo cha oksijeni na haidrojeni kina hisa ya asilimia 20 tu. Asilimia 60 iliyobaki imechukuliwa na jozi mbili za elektroni zisizofunga chochote. Hazina atomi nyingine ya kuzivuta, hivyo zinabaki karibu na kiini chao. Henry Bent aliliweka jambo hili katika kanuni mwaka 1961: s hukusanyika kwenye vifungo vinavyoelekea atomi zenye mvuto mdogo wa elektroni, na huzipunja zile zenye mvuto mkubwa.

Hisa hiyo hupimika pia kwa kuangalia jinsi kiini cha kaboni-13 na cha haidrojeni vinavyoathiriana ndani ya uga sumaku, kwa sababu elektroni za s ndizo zinazogusa kiini. Methani hutoa hezi 125, ethilini 156, asetilini 249. Gawanya kwa 500, na robo, theluthi na nusu zinajitokeza karibu kamili. Klorofomu, yenye klorini tatu, hutoa hezi 209, yaani asilimia 42 ukifuata njia hiyo. Mwelekeo ni uleule alioutabiri Bent, kwani klorini zimepunjwa s na haidrojeni imefaidika. Kiasi chenyewe nisingekiamini: klorini huongeza athari zake nyingine juu ya kipimo, na kugawanya kwa 500 kunafaa haidrokaboni tupu.