Mifupa ya Mota na kosa la programu

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuongee juu ya mifupa, ingawa mwisho wake tutarudi palepale kwenye tarakilishi.

Mwaka 2012 wanaakiolojia walifukua kaburi la mwanamume katika pango la Mota, nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia. Alikuwa amelala humo kwa miaka kama 4,500. Oktoba 2015 jenomu yake ilichapishwa katika jarida la Science, ya kwanza ya kale kutoka Afrika.

Watafiti waliilinganisha na DNA ya Waafrika wa leo. Ilikwishajulikana kwamba miaka kama 3,000 iliyopita watu walitoka Mashariki ya Kati wakaingia pembe yetu ya Afrika. Jipya lilikuwa hili: eti damu yao ilisambaa bara zima, hata kwa Wayoruba na Wambuti wa misitu ya Congo. Magazeti yakaidaka.

Pontus Skoglund na David Reich wa Harvard wakachukua data ileile na kurudia hesabu. Hiyo damu hawakuiona. Kosa likafuatiliwa hadi likapatikana: matokeo ya programu ya samtools yalipaswa kugeuzwa kabla ya kuingizwa kwenye PLINK, na hatua hiyo ilirukwa. Sehemu nyingi ambazo Mota anafanana na jenomu ya rejea zikadondoka kimyakimya.

Nawaelewa sana. Niliwahi kuhamisha orodha ya wateja kutoka faili moja hadi jingine, nambari zote za simu zikapoteza sifuri ya mwanzo. Hakuna onyo lolote. Programu ikikwama ni afadhali. Balaa ni ile inayomaliza kazi vizuri na kukupa jibu la uongo.

Mapema 2016 waandishi walikiri na kusahihisha. Dai la Afrika Mashariki lilibaki. La bara zima likaanguka.

Kumbukeni, mfupa ukishasagwa kutafutwa DNA haurudi. Kinachobaki ni data, pamoja na amri zilizoichakata. Bila hivyo viwili kuwekwa wazi, huenda hadi leo tungekuwa tunafundishwa asili isiyo yetu, kwa sababu ya hatua moja iliyosahaulika.