Merikani na Ushindani wa Makampuni ya Kigeni Unguja

Merikebu za Salem, bandari ndogo ya Massachusetts nchini Marekani, zilianza kufika Unguja katika miaka ya 1820, zikitafuta sandarusi, ngozi na pembe za ndovu. Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Maskati na Unguja, alifunga mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bandarini mwake kwa ushuru wa asilimia 5 tu wa bidhaa walizoshusha. Konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, aliwasili mwaka 1837. Naye alikuwa mfanyabiashara, na haikuwa rahisi kujua kazi ya serikali yake iliishia wapi.

Mkataba peke yake haukuuza hata jora moja. Forodha ilikuwa imekodishwa kwa Jairam Shivji, tajiri mwenye asili ya Kutch, aliyemlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kila mwaka kisha akatoza ushuru kwa faida yake. Waters alielewana naye: shehena za Salem zilipitia mikononi mwa Jairam, naye akawatafutia wanunuzi na mali ya kurudi nayo. Waingereza waliokosa mapatano ya namna hiyo walilalamika sana, ingawa nao walipata mkataba wao mwaka 1839.

Bidhaa iliyowapa Wamarekani nguvu ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa, iliyoitwa merikani. Matajiri wa Kihindi waliichukua kwa mkopo, wakawakopesha wenye misafara, nao wakaipeleka Unyamwezi na Ujiji mabegani mwa wapagazi. Huko bara ilikuwa nguo na fedha pia: ililipia chakula, hongo na pembe. Deni lilirudi baada ya mwaka au zaidi, kwa hiyo kampuni isiyo na mtaji wa kungoja haikufika mbali. Viwanda vya Uingereza viliiga kitambaa hicho kwa bei nafuu, lakini wanunuzi waliokipima kwa vidole walikikataa.

Wajerumani walipita njia nyingine kabisa. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg haikuhitaji kuwashinda Wamarekani kwa nguo. Ilinunua kauri (simbi) za pwani ya Afrika Mashariki na kuzipeleka Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Biashara hiyo ilistawi mpaka wingi wa kauri ukashusha thamani yake huko.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba ya viwandani, na nguo za Uingereza na India zikapata mlango. Amani iliporudi merikani ilirudi pia, lakini Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia 1872 meli za moshi za Kiingereza zilifika Unguja kwa ratiba. Viwanda vya Bombay, vilivyo karibu na wateja na vyenye jamaa wa matajiri wa Unguja, hatimaye vilichukua soko. Kitambaa chao, na baadaye cha Japani, kiliendelea kuuzwa kwa jina la merikani.