Tamko la Wanafunzi: Kutoka Ng'ambo ya Wesha

Wesha ni mahali pa kupitia. Bandari hii ndogo, magharibi ya mji wa Chake Chake, ni moja kati ya bandari tatu za Pemba, pamoja na Mkoani na Wete. Mafuta hushushwa hapa. Tangu 2010 umeme unaotoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari hupokelewa hapa. Anayetaka kwenda kisiwa cha Misali hutafuta chombo hapa hapa. Lakini katika bandari za Pemba kimepita pia kitu ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye daftari la mizigo: vijana wenye sanduku moja mkononi, wanakwenda kusoma.

Zama za ukoloni elimu ya sekondari ilikuwa imelundikana mjini Unguja. Mtoto wa Pemba aliyefaulu aliwaaga wazee, akapanda meli, akavuka. Huko ng'ambo alifundishwa hesabu na Kiingereza, na pembeni ya mtaala akajifunza kazi nyingine: kukaa katika mkutano, kuomba nafasi ya kusema, kubishania neno moja ndani ya waraka, kupiga kura, kisha kuusimamia waraka ule hata kama upande wake umeshindwa. Kazi hiyo ndiyo mama wa kila tamko la wanafunzi, na historia yake Afrika Mashariki inastahili kusimuliwa kwa makini kuliko inavyosimuliwa.

Mwaka 1960 uliundwa Umoja wa Wanafunzi wa Zanzibar Yote. Miongoni mwa waasisi wake, na makamu wake wa kwanza wa rais, alikuwa kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Pemba, Salim Ahmed Salim. Siasa za visiwani zilikuwa zimepamba moto. Vyama vya ZNP, ASP na ZPPP vilikuwa vikigawana mitaa, misikiti, hata maduka. Katika uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake, mji jirani wa Wesha, lilikwenda kwa ASP kwa tofauti ya kura moja. Moja tu! Aliyekulia katika hali hiyo hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini kura huhesabiwa mara mbili, wala kwa nini katibu wa mkutano huandika waliounga mkono na waliokataa.

Kiswahili chenyewe kinazipambanua hatua za kazi hii. Azimio hutokana na kuazimia: watu wamekaa, wamekata shauri. Msimamo hutokana na kusimama. Tamko hutamkwa, yaani hutolewa nje, likasikiwa na asiyekuwemo chumbani. Waraka unaweza kuwa tamko bila ya kuwa azimio, pale kiongozi anapojiandikia peke yake usiku na kulisoma asubuhi kwa jina la wote. Wanafunzi wameionja tofauti hiyo kwa machungu.

Machungu makubwa ya mwanzo yalikuwa Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ya Tanzania ilikuwa imeamua kuwa wahitimu wa vyuo wapitie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, na muda uliobaki katika kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, pamoja na wenzao wa vyuo vingine. Mkononi walikuwa na waraka. Mmoja wao akausoma mbele ya Rais Julius Nyerere na mawaziri wake.

Waraka ule uliandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, na kiini chake kilikuwa onyo: masharti yasipobadilika, miili yao ingekwenda kambini lakini roho zao zingebaki nje, na ugomvi kati ya wenye vyeo na wenye elimu usingekwisha. Kama kazi ya uandishi ulikuwa na nguvu. Kama kazi ya siasa ulikuwa na kasoro iliyouangamiza. Uliandikwa kana kwamba nchini wapo wa aina mbili tu, wanaotawala na waliosoma. Mkulima wa karafuu hakuwemo, wala mvuvi, wala kuli wa bandarini, nao ndio waliokuwa wakilipia masomo yale. Kwenye maandamano yalionekana mabango yaliyosema kuwa afadhali ukoloni. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa tayari kusikiliza hoja ya asilimia 40, ingawa hoja hiyo ilikuwa na mashiko.

Nyerere alijibu papo hapo, kwa hasira. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akatangaza kupunguza wake kwa asilimia 20. Kisha akawarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300. Wengi walikuja kuruhusiwa kurejea masomoni, lakini nchi ilikuwa imeshabadilika: tarehe 5 Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, likiweka masharti makali juu ya mali za viongozi. Wanafunzi walikwenda Ikulu kudai haki yao wenyewe, na jibu waliloletewa likawa waraka mkubwa kuliko wao.

Kizazi kilichofuata Mlimani, kwenye kampasi ya chuo hicho, kilijifunza kuandika upya. Mwaka huo huo wa 1967 kikundi cha wanafunzi cha USARF, kilichoongozwa na Yoweri Museveni, kilianza kuitazama Afrika nzima badala ya posho ya bweni. Novemba 1969 likatoka jarida lao, Cheche, ambalo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa miongoni mwa wahariri wake. Novemba 1970 kikundi na jarida vyote vikapigwa marufuku. Likafuata jarida la MajiMaji, chini ya vijana wa TANU, chama tawala. Majina yalikuwa ya Kiswahili, makala kwa sehemu kubwa za Kiingereza. Mama aliyekuwa akianika karafuu Wesha asingeweza kuzisoma, ijapokuwa zilimtaja yeye na jasho lake katika kila ukurasa.

Julai 1971 ukaja mtihani mwingine. Rais wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi wa chuo kilichokuwa kimetimiza mwaka mmoja tu kikiwa chuo kikuu kamili, alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Aliandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, akilalamikia namna maamuzi yanavyopitishwa bila ya wanafunzi kushirikishwa. Safari hii msingi wa hoja haukuwa maslahi ya wasomi. Ulikuwa Mwongozo wa TANU wa mwaka ule ule, uliowakataza viongozi ubabe na majivuno. Akivaga alifukuzwa, askari wa kuzuia ghasia wakaingia chuoni. Wanafunzi wakasusa, wakakaa vikao, na walimu nao wakakusanyika kujadili. Mwisho Akivaga alirudishwa. Ukiuliza kwa nini barua ile haikuzama kama waraka wa 1966, jibu liko hapo: ilishika maneno ya wenye nchi wenyewe, na nyuma yake walikuwepo watu waliokuwa tayari kukaa kikaoni hadi usiku.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Oktoba 1971, yule kijana wa Pemba aliyeanzia umoja wa wanafunzi alikuwa New York, balozi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Siku hiyo Baraza Kuu lilipigia kura rasimu ya kuirejeshea Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizoidhamini. Kura 76 ziliunga mkono, 35 zilipinga, 17 hazikuegemea popote, na hivyo ndivyo lilivyozaliwa azimio namba 2758. Salim alishangilia ukumbini bila ya kujificha, na Wamarekani hawakulisahau jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu lenyewe. Utaratibu ni ule ule wa mkutano wa wanafunzi: rasimu, wadhamini, marekebisho, mjadala, kura, kumbukumbu. Ukumbi tu ndio mkubwa zaidi.

Nyumbani mambo hayakwenda vyema. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mara hii walijisimamisha upande wa mkulima, wakilitetea Azimio la Arusha dhidi ya waliolitangaza. Walipigwa, na mamia wakafukuzwa. DUSO ikaondolewa, ikawekwa MUWATA, jumuiya iliyofungamanishwa na chama tawala. Jina lilikuwa la Kiswahili safi, lakini wanafunzi wengi hawakuiona kuwa yao.

Sauti isiyo na kikao hutafuta ukuta. Mlimani kulikuwa na Punch, maandishi yaliyobandikwa bila ya jina la mwandishi, yakimsema yeyote, na mara nyingi yakiwadhalilisha wasichana. Mwaka 1990, baada ya mwanafunzi mmoja wa kike kunyanyaswa kwa njia hiyo na kisha kujiua, yakapigwa marufuku. Si haki kuyaweka maandishi hayo fungu moja na matamko. Tamko lina mwenyekiti, katibu, tarehe na sahihi. Aliyelitia mkono anaweza kuitwa, kuulizwa na kufukuzwa, na wengi walifukuzwa kweli. Mwaka huo huo, tarehe 12 Mei, chuo kilifungwa baada ya mgomo, kikafunguliwa mapema 1991. MUWATA ikaachwa, ikaja DARUSO, yenye rais, mawaziri na bunge lake la wanafunzi.

Katika serikali za aina hiyo lalamiko hupanda ngazi. Huanza darasani au bwenini, likafika kwa mbunge wa wanafunzi, likapelekwa kwenye kikao. Spika huhakikisha akidi imetimia. Kamati huandika rasimu: kikao gani kimekaa na lini, tatizo ni nini, madai ni yapi, muda wa kujibiwa ni upi. Mabishano makali huwa kwenye kitenzi. "Tunaomba" au "tunadai"? "Tunasikitishwa" au "tunalaani"? Na muda huwa ndio hatari yenyewe. Desemba 2019 DARUSO iliipa Bodi ya Mikopo saa 72 kuhusu wanafunzi ambao hawakuwa wamepata fedha zao. Baadhi ya viongozi wake walikamatwa na polisi na kusimamishwa masomo.

Siku hizi matamko haya husomwa kwa Kiswahili mbele ya waandishi wa habari. Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Mzazi wa Wesha mwenye mtoto chuoni Dar es Salaam, au Tunguu, au katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) ya Mchangamdogo hapo hapo Pemba, hulisikia redioni neno kwa neno, na anaweza kupima mwenyewe kama mwanawe kasema sawa. Wenzake wa 1966 hawakupewa nafasi hiyo.

Na watu wa upande huu wa Pemba si wageni wa kazi yenyewe. Miaka ya 1990 ulipokuja mpango wa kujenga hoteli katika kisiwa cha Misali, wavuvi waliokitegemea, kutoka shehia nyingi za mwambao, walikuwa na neno moja: hapana. Mpango ukaachwa. Mwaka 1998 Misali na maji yake yakatangazwa eneo la hifadhi, wavuvi wakiwa na viti ndani ya chama cha kukihifadhi kisiwa. Vikao hivyo havikuwa na majoho wala Kiingereza. Walijadili nyavu, madema na siku za dago, na katika makubaliano waliyofikia walijifunga hata wao wenyewe, kwa kutenga sehemu ya miamba ambamo hakuna anayeruhusiwa kutupa mshipi.