Oktoba: Tarehe Tunazozijua na Tarehe Tusizozijua

Neno "tarehe" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wale wanaojifunza lugha hii hapa Juba wanalitambua mara moja. Katika Kiarabu neno hilo hubeba maana mbili: siku ya mwezi, na pia historia yenyewe. Kiswahili cha leo kimezitenganisha maana hizo. Tarehe ni siku, na historia ni habari za yaliyopita. Hata hivyo undugu wa maana hizo haujafutika. Anayeuliza tarehe ya jambo fulani amekwisha kuanza kuuliza historia yake: nani aliiandika, aliiandika wapi, na kwa nini tarehe ya mtu mmoja imehifadhiwa ilhali ya mwingine imepotea.

Mwezi wa Oktoba unatufaa sana kwa maswali hayo. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nane, kwa kuwa kalenda ya kale ya Warumi ilianza kuhesabu kutoka Machi. Kiswahili, kinaposema "mwezi wa kumi", kinahesabu vizuri zaidi. Tuupitie basi mwezi huu wa kumi, tukianzia nyumbani.

Hapa Kator limo Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, ambalo hata asiye Mkatoliki hulitumia kumwelekeza mgeni njia. Sikukuu ya mtakatifu huyo Mfaransa huadhimishwa tarehe 1 Oktoba. Tarehe hiyohiyo, mwaka 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Josephine Bakhita kuwa mtakatifu mjini Roma. Bakhita alizaliwa Darfur, akatekwa nyara akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, kisha akanunuliwa mjini Khartoum na balozi mdogo wa Italia na kupelekwa Italia mwaka 1885. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Italia iliamua kwamba alikuwa mtu huru. Alifariki tarehe 8 Februari 1947 katika mji wa Schio.

Sasa tumweke kando ya mtu mwingine wa Oktoba. Daniele Comboni, askofu mmisionari aliyefanya kazi Sudan, alifariki Khartoum tarehe 10 Oktoba 1881, na alitangazwa mtakatifu tarehe 5 Oktoba 2003. Kuzaliwa kwake kunajulikana hadi siku: 15 Machi 1831, katika kijiji cha Limone, Italia. Teresa naye alizaliwa tarehe 2 Januari 1873. Na Bakhita? Vitabu husema "takriban mwaka 1869". Neno "takriban" ndilo lililochukua nafasi ya siku na mwezi. Hata jina alilopewa na wazazi wake halijulikani, kwa maana yeye mwenyewe alilisahau kutokana na mateso. "Bakhita" ni jina alilopewa na waliomteka, nalo ni ndugu wa neno letu "bahati". Waliomwibia utoto wake walimwita mwenye bahati! Watu hawa watatu wanaheshimiwa kwa kiwango kimoja, lakini wawili walizaliwa penye daftari, na mmoja alizaliwa pasipo daftari.

Kukosa daftari, hata hivyo, si kukosa kumbukumbu. Tutazame tarehe inayojulikana kuliko zote za Oktoba katika nchi za Waswahili: tarehe 14, mwaka 1999, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alipofariki dunia katika Hospitali ya St Thomas, London, kwa saratani ya damu. Siku hiyo ni mapumziko ya kitaifa nchini Tanzania. Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, na pia kuwa mfasiri wa tamthilia mbili za Shakespeare, alizoziita Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Jina lake la Kambarage linahusishwa na pepo wa mvua, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua. Baba yake, Mtemi Burito, alipewa jina la Nyerere, lenye maana ya kiwavi katika lugha ya Kizanaki, kwa sababu viwavi waliivamia nchi alipozaliwa. Jina ndilo lililokuwa cheti. Mzee wa Butiama akilisikia aliweza kusema: huyu ni wa mwaka wa viwavi, mwanawe ni wa majira ya mvua. Nasi hapa kwetu tunajua jambo hili. Jina la Deng kwa Wadinka ni la mvua, na miongoni mwa Wabari yako majina yanayoeleza mtoto alizaliwa wa ngapi. Kalenda hizo zilikuwa timamu kwa watu waliokaa pamoja. Udhaifu wake ulionekana pale watu walipotawanyika, kwani mwaka wa viwavi wa kijiji kimoja hauna maana kwa karani wa nchi nyingine.

Tarehe za siasa ni za namna tofauti. Hizo huwa na mashahidi wengi na karatasi nyingi, na Oktoba inazo tele. Uganda, ambako maelfu ya vijana wetu walisoma wakiwa wakimbizi, ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Milton Obote akiwa Waziri Mkuu. Obote alipinduliwa mara mbili, mwaka 1971 na mwaka 1985, akafariki Johannesburg tarehe 10 Oktoba 2005, siku moja tu baada ya maadhimisho ya uhuru aliouongoza, naye akiwa mbali na nchi yake.

Kenya inaikumbuka tarehe 20 Oktoba. Siku hiyo, mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko walishtakiwa Kapenguria. Baada ya hukumu Kenyatta alifungwa Lokitaung, Turkana, katika ukame usio mbali na mpaka wetu. Kwa miaka mingi siku hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta, lakini Katiba ya mwaka 2010 iliibadilisha kuwa Siku ya Mashujaa. Badiliko hilo linafaa kutafakariwa na kila raia. Tarehe haikuguswa. Kilichobadilika ni orodha ya wanaokumbukwa, kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa wengi. Na jambo la kushangaza ni hili: serikali ya kikoloni iliyojua vyema siku ya kumkamata Kenyatta haikujua siku aliyozaliwa, wala yeye hakuijua kwa hakika. Wanahistoria hukisia tu kwamba ilikuwa katika miaka ya 1890.

Burundi ina majonzi mawili ya Oktoba. Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, alipigwa risasi na kufa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya ushindi, kabla nchi haijapata uhuru. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi Juni, aliuawa na wanajeshi akiwa madarakani kwa takriban miezi mitatu. Vita vilivyofuata vilidumu miaka mingi. Msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi kule Arusha alikuwa Mwalimu Nyerere, na kazi hiyo alikuwa hajaimaliza kifo kilipomkuta. Nelson Mandela ndiye aliyeipokea. Kwa hiyo Oktoba tatu, za 1961, 1993 na 1999, zimefungamana katika kisa kimoja, na msomaji anayezikariri moja moja hatakiona kisa hicho.

Tusisahau tarehe 19 Oktoba 1986, ndege iliyomchukua Rais Samora Machel wa Msumbiji ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, naye akafa pamoja na wengi aliosafiri nao. Sisi tuliompoteza Dkt. John Garang katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005 tunaelewa, bila kufafanuliwa, namna taifa zima linavyoweza kuamka asubuhi likiwa limeduwaa.

Hapa namleta mwana wa nchi yetu. Manute Bol, mchezaji wa mpira wa kikapu mwenye urefu wa mita 2.31, aliingia katika ligi kuu ya Marekani mwaka 1985 na timu ya Washington. Katika msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397, na hakuna mchezaji mgeni katika ligi hiyo aliyewahi kuzuia mingi zaidi. Sehemu kubwa ya fedha zake aliitoa kuwasaidia watu wa kusini wakati wa vita. Alifariki tarehe 19 Juni 2010, mwaka mmoja na siku chache kabla ya uhuru wetu wa tarehe 9 Julai 2011, akazikwa Turalei. Rekodi zote zinasema alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962. Lakini mmoja wa makocha wake wa awali huko Marekani alisema baadaye kwamba yeye ndiye aliyempa Bol tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa hakuna aliyejua umri wake. Mipira yake ilihesabiwa mmoja mmoja, urefu wake ulipimwa kwa makini, na siku yake ya kuzaliwa ikabuniwa.

Nani kati yetu anaweza kumcheka? Nikiwaandikisha wanafunzi kwa mtihani, naona ukurasa mzima umejaa tarehe 1 Januari, kana kwamba akina mama wote wa nchi hii walijifungua alfajiri ya mwaka mpya. Wengi walizaliwa njiani au kambini, na karani aliyekuwa na haraka akaijaza nafasi iliyokuwa wazi. Jambo hili si la kuchekesha mtu anapotakiwa kuthibitisha kwamba ametimiza miaka 18 ili apige kura, au kwamba hajaitimiza na kwa hiyo hapaswi kuozwa wala kupewa bunduki. Mtoto asiye na tarehe hulindwa kwa shida, maana anayetaka kumdhulumu humwongezea umri kwa maneno tu.

Oktoba si ya misiba pekee. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alifunga ndoa na Michelle Robinson mjini Chicago tarehe 3 Oktoba 1992. Tarehe 8 Oktoba 2004 Wangari Maathai alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio hizo hazikuingizwa katika rekodi rasmi kwa sababu ya namna zilivyoandaliwa, lakini hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia hivyo kabla yake.

Mtaona kwamba katika orodha hii yote kuzaliwa ni kuchache. Vifo vimeandikwa na hospitali, kukamatwa kumeandikwa na polisi, uhuru umeandikwa na serikali, ushindi umeandikwa na kamati na saa za michezo. Kuzaliwa kulihitaji daftari lililo karibu na mama, nalo halikuwapo. Maana yake ni kwamba mwanzo wa maisha yao uliachwa kwa wazee, na wazee wanaondoka.

Kwa hiyo zoezi la mwezi huu ni la nje ya darasa. Mwendee bibi, babu, mjomba au shangazi, umwamkie kwa heshima, "Shikamoo", kisha umwulize: "Nilipozaliwa, kulikuwa na nini?" Usimdai tarehe. Muulize mvua, mavuno, vita, mafuriko, nani alifariki, nani alikuwa chifu. Andika majibu kwa Kiswahili sanifu, sentensi kumi na mbili, ukitumia vitenzi "kuzaliwa", "kufunga ndoa" na "kufariki dunia" katika wakati uliopita. Kumbuka kwamba "hayati" na "marehemu" hutangulia jina la aliyefariki, na kwamba "hayati" hutumiwa zaidi kwa viongozi na watu mashuhuri. Kisha ilete karatasi shuleni, nasi tutatafuta pamoja mwaka gani mvua hiyo ilinyesha. Ukiwa na mdogo wako aliyezaliwa mwaka huu, andika tarehe yake leo, umpe mama yako aihifadhi.