Kikoa, Bia na Orodha ya Ubaoni

Ndugu msikilizaji, juma lililopita kijana mmoja wa ofisi za katikati ya jiji alinijia na swali. Wenzake kazini wanataka kula pamoja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kila mtu aje na chakula kutoka nyumbani, na yeye ndiye aliyetwishwa kazi ya kupanga. Alitaka kujua kama desturi hiyo si ya Kizungu. Nilicheka, kwa sababu Kiswahili kina maneno mawili ya jambo hilo, na yote mawili yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939.

La kwanza ni kikoa. Watu wanaokula kikoa hula pamoja kwa zamu: leo chakula kinatoka kwako, kesho kinatoka kwangu. La pili ni bia. Kula bia ni kila mmoja kutoa sehemu yake kwa ajili ya mlo mmoja. (Bia hii siyo ile ya chupa, ingawa najua wapo watakaofurahi kuzichanganya.) Msikilizaji ataona kwamba tofauti si ndogo. Katika bia, vyombo vyote vinawekwa mkekani kwa wakati mmoja, na jicho halina pazia. Katika kikoa, zamu yako ikifika na nyumbani hakuna kitu, wenzako watakula ugali kwa matembele, na kesho zamu imekwenda kwa mwingine.

Tofauti hiyo nilifundishwa kwa aibu, mwishoni mwa mwaka 1984, nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja hapa Dar es Salaam.

Wenye umri wanaikumbuka miaka ile. Vita vya kumng'oa Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na hazina ilikuwa tupu. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilikuwa vya foleni. Tulikula unga wa mahindi ya njano, tukauita Yanga kwa sababu ya rangi yake, hata sisi mashabiki wa Simba. Mwaka 1983 wakasakwa wahujumu uchumi, na bidhaa zikazidi kujificha. Kisha bajeti ya Juni 1984 ikaondoa ruzuku ya sembe, na wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Maduka yakaanza kupata vitu, lakini mishahara yetu haikuweza kuvifikia.

Katika hali hiyo mhasibu wetu akastaafu, nasi tukaamua kumuaga kwa mlo. Mimi nikapewa upangaji. Nilipiga chapa orodha safi, majina kushoto na vitu kulia: huyu mchele kilo mbili, yule nazi nne, huyu samaki. Kwa tarishi wetu, mtu wa makamo mwenye watoto sita, niliandika mafuta ya kupikia, chupa moja. Nikaibandika ubaoni, na kila aliyeleta kitu nilimwekea alama ya vema kwa wino mwekundu. Nilijiona mpangaji hodari.

Siku ya mlo kila jina lilikuwa na alama yake, isipokuwa moja. Tarishi hakuja kazini. Pilau ikaiva kwa mafuta ya mtu mwingine, na mtu mmoja akafanya mzaha juu ya chupa iliyopotea njiani. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Aliyekataa kucheka ni mzee tuliyekuwa tunamuaga. Alikula kidogo, akanawa, akaniita pembeni.

"Kijana, umewahi kuona posho ikipimwa?"

Nikasema sijawahi.

Alikuwa mtu wa Tanga, na kabla ya Uhuru alianza ukarani katika shamba la mkonge. Manamba walikuwa wanaletwa kutoka mbali, Songea, Kigoma, hata Rwanda na Burundi. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya kazi za siku 30, na bila kujaza siku hakulipwa mshahara wake. Posho ilikuwa unga, maharage na chumvi, ikipimwa mbele ya watu, jina linaitwa, alama inatiwa. Mzee ndiye aliyekuwa akitia alama hizo. Lakini jioni kambini, alisema, watu wanne au watano wa kwao walichanganya posho zao katika sufuria moja na kupika kwa zamu. Mgonjwa ambaye hakupata kitu mchana alikula usiku, na hakuna aliyemuuliza.

"Wewe umetuletea kalamu ya mpima posho," akaniambia, "halafu ukaiita karamu."

Jumatatu tarishi alirudi. Nilikuja kusikia kwamba alitembea kwa miguu kutoka Temeke mpaka Kariakoo siku mbili mfululizo akitafuta mafuta, na bei aliyotajiwa haikuwa bei ya tarishi. Nilimwomba radhi. Akasema, "Hakuna neno, bwana mdogo," akachukua barua zake akaenda.

Mlo uliofuata tulipanga vingine. Tuliweka kapu kubwa jikoni, limefunikwa kwa kanga, na kila mtu aliingiza alichonacho alfajiri kabla wengine hawajafika. Aliyekuwa na kuku alitia kuku, aliyekuwa na muhogo alitia muhogo. Hakukuwa na orodha. Chakula kilitosha, kikabaki.

Huyo kijana aliyenijia nilimweleza habari za kapu, akaandika kila neno katika daftari lake. Ila sikumwambia kwamba tarishi wetu, kwa muda wote nilioendelea kufanya kazi pale, kila siku ya mlo wa pamoja alikuwa na barua za kupeleka mjini.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.